Siku ya Kwanza Kwenye Theluji: Somo la Kukubali Kufundishwa



Vijana wenzangu wapendwa, leo somo letu linatupeleka mbali kidogo na migomba. Tunakwenda kwenye theluji. Najua mtu wa Ngenge, Muleba au Bukoba mjini atauliza: Frateri, theluji inatuhusu nini sisi? Kitu cha karibu tulichonacho huku ni mvua ya mawe, ile inayochana majani ya migomba na kuwaacha wazee wameshika tama. Mimi mwenyewe theluji nimeiona kwenye simu tu. Lakini hebu twende pamoja mpaka mwisho, maana ndani ya hiyo theluji kuna fadhila moja ambayo vijana wengi tunaikosa, na kuikosa kwake kunatugharimu imani.

Kabla ya kuendelea, chukua Biblia yako usome 2 Wafalme sura ya 5 yote, halafu Matendo ya Mitume 18:24-26 na Mithali 24:16. Usisome haraka haraka. Nitayarudia masomo hayo huko mbele.

1. Theluji ilivyotufikia

Neno lenyewe "theluji" tumelipata kwa Waarabu. "Barafu" nalo limetoka kwa Waajemi, na kwao maana yake ni theluji hiyo hiyo. Yaani tulipokea maneno kwa watu waliokiona kitu kabla yetu, na hakuna aibu katika hilo. Biblia nayo inaitaja theluji mara nyingi: mzaburi anaifananisha na sufu (Zab 147), Mungu anamuuliza Ayubu kama amewahi kuingia katika ghala zake (Ayu 38), na katika 1 Wamakabayo 13 tunasoma jinsi theluji nyingi ilivyozuia farasi wa Trifoni usiku mmoja.

Na sisi Afrika Mashariki tunayo. Kilimanjaro una mita 5,895. Ruwenzori, kule Uganda na Kongo, kilele chake cha Margherita kina mita 5,109. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona Kilimanjaro ukiwa na weupe kileleni. Kiongozi wake wa njia aliuita weupe ule kwa neno moja tu, baridi. Rebmann akaandika Ulaya kwamba ameona theluji karibu na Ikweta. Unajua nini kilitokea? Wasomi wakambishia. Bwana mmoja wa London, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye Kilimanjaro hakuwahi kuuona, alishikilia kwa miaka mingi kwamba haiwezekani. Ilibidi aende Karl Klaus von der Decken, mwaka 1861 na tena 1862, ndipo ubishi ukaanza kutulia.

Shika picha hiyo. Upande mmoja kuna msomi mwenye vitabu vingi asiyekubali kufundishwa. Upande wa pili kuna mwenyeji asiye na kitabu, lakini anajua kwamba huko juu kuna baridi.

2. Familia kwenye mtelemko

Sasa tuchukue familia ya mfano. Siku hizi Watanzania wako Ujerumani, Italia, Uswisi na kwingineko: wauguzi, wanafunzi, mafundi, masista, mapadre. Tuseme ni familia iliyotoka Kagera: baba, mama, kijana wa miaka kumi na sita na binti wa miaka saba. Wamealikwa na marafiki wa parokia yao kwenda siku moja Breuil-Cervinia, kaskazini mwa Italia, chini ya mlima Matterhorn. Kijiji chenyewe kiko mita kama 2,050 juu ya usawa wa bahari, na vyombo vya kupandia vinafika Plateau Rosa, mita kama 3,480, mpakani na Uswisi.

Jambo la kwanza linalowapata ni hewa. Sisi kando ya Ziwa Victoria tunaishi mita kama 1,134 na kuendelea, kwa hiyo tumezoea mwinuko kidogo. Lakini kule kwenye mita 3,400 shinikizo la hewa ni kama theluthi mbili tu ya lile la pwani. Ukipanda ngazi chache unahema kama umebeba mkungu wa ndizi. Wengine kichwa kinagonga, wengine wanasikia kichefuchefu. Dawa yake ni kwenda polepole, kunywa maji mengi, na mtu akizidiwa ashushwe chini haraka bila ubishi.

Jambo la pili ni jua. Baba anacheka: "Sisi watu weusi tunaogopa jua la Wazungu?" Asicheke. Kila unapopanda mita 1,000, mionzi ile mikali ya jua inaongezeka kama asilimia 10, na theluji mpya inaweza kurudisha juu mpaka asilimia 80 ya mionzi hiyo. Jua linakupiga kutoka juu na kutoka chini. Usipovaa miwani macho yanaungua, na rangi ya ngozi haiyasaidii.

Jambo la tatu ni viatu. Buti za skii ni ngumu kama zimechongwa, kifundo cha mguu hakikunjiki, na ukitembea nazo unaonekana kama roboti. Baba aliyezoea kuingia ukumbini watu wakamwinukia, sasa anatembea akishikilia ukuta.

Halafu wanapelekwa kwa mwalimu. Na mwalimu hawapeleki mlimani. Anawapeleka kwenye kiwanja cha wanaoanza, karibu tambarare kabisa, penye mkanda unaotembea ardhini ukiwapandisha taratibu. Wote wanaanzia hapo, daktari na mfagiaji, mwenye gari na asiye nalo. Somo la kwanza ni namna ya kuanguka: angukia ubavuni, usijikaze, usinyooshe mkono mbele. Kisha namna ya kuinuka: weka skii zako zikatize mtelemko, jisogeze juu yake, simama. Kisha namna ya kusimama: kutanisha ncha za mbele, tanua nyuma. Watoto wanaambiwa watengeneze umbo la kipande cha piza.

Baada ya saa moja binti wa miaka saba anateremka akicheka. Kijana naye anajikongoja. Baba yuko chini. Anainuka, anaanguka tena. Na yule binti anamjia, anasimama mbele yake na kumwambia: "Tata, fanya piza! Usiangalie miguu, angalia mbele."

Hapo ndipo somo letu linaanzia. Baba ana njia mbili. Anaweza kukasirika, akavua buti, akaenda kukaa mgahawani na kusema huu ni mchezo wa watu wasio na kazi. Au anaweza kufanya piza.

3. Naamani na yule binti mdogo

Naamani alikuwa jemadari wa Shamu, mtu mkubwa mbele ya bwana wake, lakini alikuwa na ukoma. Nani alimwonyesha njia ya kupona? Binti mdogo, mateka, mtumishi wa mke wake. Naamani akaenda kwa Elisha na fedha, dhahabu na mavazi. Elisha hata hakutoka nje, alimtuma mjumbe tu: nenda ukaoge Yordani mara saba. Naamani akapandisha hasira. Kwao kulikuwa na mito mizuri kuliko Yordani! Ni watumishi wake waliomtuliza kwa maneno ambayo kwa Kiswahili chetu ni kama haya: Mzee, kama angekuambia ufanye jambo kubwa si ungefanya? Sasa amekuambia dogo, unakataa nini? Akashuka. Akajichovya mara saba. Ngozi yake ikawa kama ya mtoto.

Ona: huyu mkubwa alifundishwa mara tatu, na mara zote na walio chini yake au mjumbe tu. Kama angesema "siwezi kuambiwa na mtoto," angekufa na ukoma wake.

Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika sehemu ya Summa Theologiae anapoichambua busara, anaitaja fadhila moja ndogo inayoitwa docilitas, yaani utayari wa kufundishika. Anaiweka kama sehemu ya busara yenyewe, maana mambo ya maisha ni mengi mno na hakuna mtu mmoja anayeweza kuyajua yote peke yake, wala kwa muda mfupi. Na anaongeza kwamba hata wenye elimu wanahitaji kufundishika katika baadhi ya mambo, kwa sababu hakuna anayejitosheleza.

Katika Matendo 18 yumo Apolo, msemaji hodari, mjuzi wa Maandiko. Priskila na Akila, mke na mume waliokuwa mafundi wa mahema, wakamchukua kando wakamweleza njia ya Mungu kwa usahihi zaidi. Apolo hakusema "nyie mafundi mtaniambia nini?" Alisikiliza, na Kanisa likapata mhubiri bora kuliko yule wa mwanzo.

Sasa jamani, tujiangalie. Kijana anamaliza kidato cha sita, anakwenda chuo Dar es Salaam au Mwanza. Likizo ya kwanza akirudi, bibi akimwambia "mjukuu wangu, tusali rozari," anamtazama bibi kama mtu wa zamani. Mwingine amepata kazi, katekista aliyemfundisha Komunyo ya Kwanza akimsalimia na kumuuliza "unasali?", anajibu huku anaangalia simu. Hatujaacha imani kwa sababu tumepata hoja nzito dhidi yake. Wengi tumeiacha kwa sababu tuliona aibu kuendelea kufundishwa na watu tuliowazidi vyeti.

Na kwa upande mwingine, mzazi anayesoma hapa: mtoto akikuambia "Baba, leo hatujasali kabla ya kula," usimkemee. Fanya piza.

4. Kuanguka kunafundishwa

Turudi kwenye mtelemko. Kwa nini mwalimu anaanza na kuanguka? Kwa sababu anajua mtaanguka. Hawadanganyi wanafunzi wake. Anayeogopa kuanguka anajikaza mwili wote, na mwili uliokakamaa ndio unaoumia. Ukitaka mfano wa nyumbani, kumbuka ulivyojifunza baiskeli ya baba, ile kubwa, unapitisha mguu katikati ya fremu kwa sababu kiti hukifikii. Ni nani aliyejifunza bila kovu la goti? Aristotle alifundisha kwamba fadhila tunazipata kama tunavyopata ufundi: mtu huwa mjenzi kwa kujenga, na huwa mwenye haki kwa kutenda haki. Hakuna anayesoma kitabu cha baiskeli akaamka asubuhi anaendesha.

Mithali 24:16 inatuambia kwamba mwenye haki anaweza kuanguka mara saba na bado akainuka. Haijasema mwenye haki haanguki. Tofauti yake na mwovu ni kuinuka.

Hapa nataka kusema na kijana mmoja ambaye najua anasoma. Una dhambi ileile. Umeiungama mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Sasa unaona aibu kurudi kwa padre na maneno yaleyale. Umeanza kukwepa Kitubio, halafu ukaanza kukwepa Komunyo, halafu ukaanza kukwepa Misa yenyewe kwa sababu watu wataona hukwenda kukomunika. Umevua buti umekaa mgahawani. Unajiambia kwamba hufai, na unadhani huo ni unyenyekevu. Ndugu yangu, mara nyingi hicho ni kiburi kilichovaa nguo za huzuni: tunakataa kuwa wanafunzi wanaoanguka, tunataka tuwe mabingwa siku ya kwanza.

Mtakatifu Thomas anasema tendo kuu la ujasiri ni kustahimili, kuliko hata kushambulia. Kustahimili kuwa dhaifu mbele ya Mungu, ukarudi tena kwenye kiti cha kitubio ukiwa na nia ya kweli ya kuacha, huo ni ujasiri. Na hapo panahitajika pia akili ya mwanafunzi: usirudi tu, uliza. Mwambie padre, "Baba, naanguka hapa kila mara, nifanye nini?" Pengine atakuonyesha kwamba tatizo ni simu kitandani saa sita usiku, au ni kundi fulani la marafiki. Mwalimu mzuri anaona mguu wako ulipo, jambo ambalo wewe mwenyewe huwezi kuliona.

5. Aliye juu amwangalie aliye chini

Kuna jambo jingine ambalo lilinishangaza nilipolisoma. Shirikisho la Kimataifa la Skii lina kanuni kumi za mwenendo kwa kila mtu anayeteleza mlimani. Mojawapo inasema kwamba anayetoka juu au nyuma ndiye anayepaswa kuchagua njia isiyomhatarisha aliye mbele yake. Yaani bingwa akimgonga mwanafunzi aliyeanguka katikati ya njia, bingwa hawezi kujitetea kwamba yule alikuwa mzembe. Aliye juu anaona, aliye chini haoni nyuma. Kwa hiyo wajibu uko kwa anayeona. Kanuni nyingine inamtaka kila mtu asaidie panapotokea ajali.

Je, huko mtaani kwetu iko hivyo? Kwetu mara nyingi aliye juu anapiga honi aliye chini apishe. Mwenye elimu anamcheka asiyejua. Aliyeokoka na tabia fulani anamhukumu anayehangaika nayo. Kiongozi wa kwaya anamkaripia mwanakwaya mpya mbele ya watu mpaka harudi tena.

Hebu sikia habari ya Mkenya Philip Boit. Alikuwa mkimbiaji kutoka upande wa Eldoret. Mwaka 1996 alipelekwa Finland kujifunza skii, akiwa mtu mzima wa miaka ya ishirini, na theluji kwake ilikuwa kitu kipya kabisa. Miaka miwili tu baadaye, Februari 1998, akashindana katika Olimpiki ya majira ya baridi huko Nagano, Japani, Mkenya wa kwanza kufika huko. Mbio zilikuwa za kilomita 10. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda medali ya dhahabu kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alitumia dakika 47 na sekunde 25. Alikuwa wa 92, wa mwisho kabisa.

Lakini bingwa hakuondoka. Dæhlie alimsubiri pale kwenye mstari wa mwisho, dakika 20 nzima, sherehe ya medali ikabidi ingoje. Boit alipofika, Dæhlie akamkumbatia. Wakawa marafiki, na Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Angalia hao wawili. Mmoja alikubali kuwa wa mwisho mbele ya dunia nzima bila kuacha mbio. Mwingine alikubali kuwa wa kwanza bila kumsahau wa mwisho. Kanisa linawahitaji wote wawili. Na Kristo, aliye juu kuliko wote, ndivyo alivyotufanyia: Wafilipi 2 inatuambia alijishusha.

6. Mtakatifu wa milima

Utasema, "Frateri, skii ni starehe ya matajiri." Ni kweli, ni mchezo wa gharama, na familia nyingi hata huko Ulaya haziumudu. Ndiyo maana nakuletea Mtakatifu Pier Giorgio Frassati. Alizaliwa Torino mwaka 1901 katika familia yenye uwezo, baba yake akiwa na gazeti. Alipenda milima na skii kuliko kawaida. Lakini alikuwa mwanachama wa Mtakatifu Vinsenti wa Paulo na Mdominiko wa utawa wa tatu, na alisafiri daraja la tatu la treni ili abaki na hela ya kuwapa maskini. Alifariki tarehe 4 Julai 1925 kwa ugonjwa wa kupooza, akiwa na miaka 24 tu. Kwenye mazishi yake umati wa maskini wa Torino ulijitokeza, na hapo ndipo familia yake ilipoanza kutambua alikuwa nani. Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, pamoja na Carlo Acutis.

Huyo alipanda juu sana, na kila aliposhuka alijua nani yuko chini anamsubiri. Starehe yake haikumfunga macho.

7. Maswali ya kutafakari

Mnaweza kuyatumia katika jumuiya ndogondogo, VIWAWA, au peke yako kabla ya kulala.

1. Ni nani ambaye nimeacha kumsikiliza kwa sababu nimemzidi elimu, umri au pesa?
2. Ni kuanguka kupi kunakonifanya niikimbie Sakramenti ya Kitubio? Nimewahi kuomba ushauri, au huwa naungama tu na kukimbia?
3. Nyumbani, shuleni au kwenye kwaya, ni nani yuko "chini" yangu kwenye mtelemko? Namwona, au namgonga?
4. Naamani alitaka jambo kubwa akapewa dogo. Mungu ananiomba jambo gani dogo ambalo nimelidharau?

Azimio la wiki: Chagua mtu mmoja aliyekuzidi katika imani, hata kama umemzidi vyeti. Bibi, katekista, hata mdogo wako. Muulize swali moja la kweli kuhusu sala, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize.

Tusali

Ee Bwana Yesu, wewe ulimtii Maria na Yosefu kule Nazareti, nawe ulikuwa Hekima yenyewe. Utupe moyo wa kufundishika. Tunapoanguka, utupe nguvu ya kuinuka na unyofu wa kuuliza njia. Unapotupandisha juu, utufumbue macho tuwaone walio chini yetu, na utupe subira ya kuwangoja. Wakumbuke ndugu zetu wote walio mbali na nyumbani, kwenye nchi za baridi, imani yao isizimike. Mtakatifu Pier Giorgio Frassati, utuombee. Amina.

Mbarikiwe sana. Kama una jibu la swali la pili ambalo linakusumbua, usiliweke moyoni mpaka Pasaka. Jumamosi hii padre yupo kanisani. Nenda.

Ndugu yenu katika Kristo,
Frateri